Kadi Nane za Kasoli

Kasoli,
12 Juni 1995

Mwanangu Wilhelmina,

Mwangaluka. Huku sisi ni wazima na pamba si mbaya. Mwaka huu wanunuzi binafsi wamefika na malori yao hadi milangoni mwa watu, na vijana wetu wamepata kibarua cha kupakia na kusafiri nayo mpaka Shinyanga na Mwanza. Wanarudi wamevaa miwani ya jua hata siku ya mawingu.

Nakuandikia kwa ajili ya binti yangu Nyanjige. Ana mimba ya nne, na hesabu zinaonyesha atajifungua mwanzoni mwa Novemba. Unakumbuka uzazi wake wa pili na wa tatu, jinsi damu ilivyokataa kukatika. Ule wa tatu alipona kwa sababu tu wewe ulikuwa na mifuko miwili kwenye friji ya maabara. Safari hii sitaki kutegemea bahati. Yeye ni kundi O, nawe ulipokuwa mwanafunzi wangu nilikuambia hadi ukachoka: mtu wa O anaweza kuwapa wengi, lakini mwenyewe hupokea kwa mwenzake wa O tu. Kwa hiyo natafuta watu mapema.

Nimezungumza na Masele. Huyo ndiye nsumba ntale wetu, kiongozi wa vijana wanaolima pamoja mashamba ya watu kwa zamu. Wewe umekulia shule za bweni, acha nikueleze. Kikundi kikiitwa, huenda wote. Asiyekwenda hutozwa mbuzi, na hilo huisha kwa kicheko. Lakini yule anayeambiwa na kikundi abaki nyumbani, huyo hana tena wa kumlimia wala wa kumchimbia kaburi, na watoto humwimba njiani. Nimewahi kumwona mmoja. Alihamia Meatu na ng'ombe wake, hakurudi.

Nilipomweleza Masele habari ya damu alicheka. "Bhabha, tumezoea jembe, sasa unataka tulime kwa sindano?" Kisha akasema, "Dada Nyanjige alimuuguza mama yangu mpaka siku ya mwisho. Nitakuja, na nitaleta saba."

Wapime wote, vitu vyote, usiruke hata kimoja. Walio wazima waandikie kadi, ili siku ya shida tujue wa kumwita.

Ni mimi mwalimu wako,
Athanasi Ngeleja


Maabara, Hospitali ya Misheni,
Bariadi
1 Julai 1995

Baba Mwalimu,

Shikamoo. Vijana wako walifika Jumanne juu ya lori la pamba, wanaimba, hata wagonjwa wakatoka wodini kutazama. Masele alijilaza wa kwanza bila kuitwa. Luhende alipopanda kitandani, yule mwembamba mwenye kikohozi, Masele akamwambia, "Wewe wakikutoa mfuko mmoja, kitakachobaki ni fulana." Walicheka wote, na Luhende mwenyewe. Kwa kweli sijawahi kuwa na asubuhi ya furaha kama ile humu maabara.

Wanne kati yao ni kundi O. Kaswende sikuona. Kuhusu UKIMWI, saba ni wazuri. Mmoja nimempima mara mbili, kwa vipimo vya aina mbili, na jibu ni lile lile. Damu yake nimeichoma mwenyewe. Sitakuandikia jina lake.

Sasa nimekwama. Daktari anasema mchangiaji haambiwi jibu mpaka tupate mtu aliyefunzwa kuzungumza naye, na mtu huyo tumeahidiwa tangu mwaka jana. Nilipanga kutoa kadi saba. Lakini Alhamisi watakuja wote nane kuzichukua, watakaa kwenye benchi moja, nami nitatoka mlangoni na kuita majina saba. Baada ya ulichonieleza kuhusu kikundi, naogopa. Nifanye nini?

Mwanao,
Wilhelmina Maige


Kasoli,
3 Julai 1995

Mwanangu Wilhelmina,

Dereva wa parokia anaondoka sasa hivi, naandika nimesimama.

Umefanya vema kutonitajia jina, na usinitajie. Mimi naishi nao. Tunakutana kisimani na kanisani, na uso wangu ungemwambia kabla ya mdomo.

Toa kadi nane.

Najua utashtuka, kwa hiyo nifuate taratibu. Kwanza, ukitoa saba utakuwa umetangaza kile ambacho daktari amekukataza kusema, tena mbele ya wenzake, na huyo kijana atakuwa amekufa miaka mingi kabla ya ugonjwa kumuua. Pili, kikundi kitavunjika, hakuna atakayerudi, na binti yangu atakosa hata wale wazima. Tatu, na hili ndilo kubwa, kadi haipimi damu. Kadi ni ya kumwita mtu tu. Kinachopima ni maabara, na kila atakayekuja utampima upya siku hiyo hiyo kabla damu yake haijamgusa mgonjwa, kwa sababu kipimo cha Juni kinasema habari za Juni. Basi kadi ya nane itamdhuru nani?

Weka juu yake alama ndogo unayoijua wewe. Siku akija na wenzake, mlaze, mtoe, mpe soda yake, kisha mfuko uende kwenye tanuri. Huyo mshauri akipatikana, ataitwa peke yake na kuambiwa kwa staha.

Usiogope. Ufunguo wa maabara unao wewe.

Athanasi Ngeleja


Shinyanga, stendi
22 Agosti 1995

Kwa Dada Wilhelmina wa Sindano,

Mwadila, dada. Mimi ni Masele, yule aliyelala wa kwanza. Naandika juu ya gunia, usicheke mwandiko.

Kwanza nakushukuru kwa kadi. Nimeifunga kwenye nailoni na haijalowa hata siku moja. Nilikwenda Shishiyu kuposa. Baba wa binti akaniuliza, "Wewe unalala kwenye malori na miji ya watu, nitajuaje kama u mzima?" Nilitoa kadi nikaiweka juu ya mkeka. Akaisoma, akamwita mwanawe aisome tena kwa sauti, muhuri wakautazama kwenye mwanga. Mzee akasema, "Basi tuzungumze ng'ombe." Luhende alikuwa msindikizaji wangu, anasema kadi ile imepunguza ng'ombe wawili! Arusi ni Desemba, tukishapanda pamba. Jina la mchumba wangu ni Felisita. Utakuja, na wewe utakaa mbele pamoja na mashangazi.

Nina maombi mawili. La kwanza, naomba kadi nyingine yenye picha, maana hii haina sura. La pili, siku za dada Nyanjige zikifika, usimwite mwingine kabla yangu. Mimi ni O na nina nguvu. Naomba unijibu kupitia kwa Bhabha Athanasi.

Ni mimi,
Masele, nsumba ntale


Maabara, Hospitali ya Misheni,
Bariadi
18 Septemba 1995

Baba Mwalimu,

Shikamoo. Nimepata barua ya mmoja wa wale wanane. Kadi yangu imewekwa juu ya mkeka wa posa, na wakwe wameipokea kama cheti cha uzima. Sisemi ni nani. Sisemi pia kama yeye ndiye au siye. Nimeandika majibu mara tatu, na mara tatu nimeyachana.

Ulisema kadi ni ya kumwita mtu tu. Huko nje haifanyi kazi hiyo tena. Naomba uzikusanye zote, uwaambie tunazibadilisha, halafu tusitoe nyingine. Nimekwenda kwa daktari kumwomba ruhusa ya kumwita yule mtu hata bila mshauri. Amesema tusubiri, atauliza mkoani.

Nina habari nyingine. Naitwa Mwanza kwenye mafunzo kuanzia tarehe 9 Oktoba hadi 24 Novemba. Nimeomba kuahirisha kwa ajili ya Nyanjige, nimekataliwa. Atakayeshika nafasi yangu ni Joakim, mhudumu wa maabara. Mikono yake ni mizuri na hana uvivu, lakini hajazoea kusema hapana. Vipimo vya UKIMWI vimebaki kumi na kimoja, na bohari ya mkoa wanasema tungoje uchaguzi upite. Viwili nimevitia kwenye bahasha yenye jina la Nyanjige nikaifungia kwenye droo.

Baba, zikusanye kadi.

Wilhelmina


Kasoli,
30 Septemba 1995

Mwanangu Wilhelmina,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimekuelewa. Hiyo posa ni ya Masele. Kijiji kizima kinaijua, maana ameisimulia hadi kwa mbuzi. Hilo limenituliza badala ya kunitisha. Nakufahamu. Usingeweza kumwacha mtu aendelee na posa kama ungejua lililomo mwilini mwake. Kwa hiyo unachokihofia ni kadi za wengine, na una haki.

Lakini kuzikusanya sasa ni vibaya. Wataulizana kwa nini, hasa Masele, ambaye wakwe wanaweza kuitaka tena. Ngoja Nyanjige ajifungue, ngoja arusi ipite, kisha Januari nitazikusanya kwa sababu ya mwaka mpya, na hapana atakayewaza. Huyo Joakim mwandikie alama yako kwenye rejista.

Nenda kasome kwa moyo mweupe. Bahasha ya vipimo viwili inatosha kabisa.

Athanasi Ngeleja


Mwanza,
5 Novemba 1995

Baba Mwalimu,

Sina raha hapa. Alama niliiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa rejista, kama ulivyosema. Jana dereva wetu alifika na kunieleza kwamba ile rejista imejaa na Joakim amefungua mpya. Ya zamani iko stoo. Nimejaribu simu ya posta tangu asubuhi, laini ya Bariadi haishiki.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, na ukishasoma uchome. Kadi isiyofaa ina nukta ya wino mwekundu mara baada ya mwaka 1995, chini ya muhuri. Saba hazina. Nyanjige akipelekwa hospitali kabla sijarudi, mwenye kadi ya nukta asiguswe, hata iwe nini.

Nampa kondakta wa basi barua hii. Anasema mvua zimeanza na barabara imekatika upande wenu, lakini atajaribu.

Wilhelmina


Kasoli,
9 Novemba 1995

Mwanangu Wilhelmina,

Mungu ni mwema. Nyanjige amejifungua juzi tarehe 7, mtoto wa kike, na wote wawili wako hai. Nimempa mtoto jina lako.

Nikueleze ilivyokuwa, maana utataka kujua kila hatua. Uchungu ulianza alfajiri. Tulimfikisha hospitali kwa lori la mnunuzi wa pamba, na Masele na kikundi chake walilisukuma kwenye matope mara tatu. Mtoto alitoka vizuri. Kisha damu ikaja, kama ile ya nyuma, tena kwa kasi zaidi. Daktari akasema mfuko mmoja sasa hivi, au tuandae jeneza.

Nilikimbilia maabara. Joakim akafungua droo na bahasha ilikuwa tupu. Wiki iliyopita kulikuwa na mtoto wa upungufu wa damu, na mama mwingine baada yake, na hakuweza kuwanyima. Simlaumu. Kipimo hakuna hata kimoja. Kijana yule akaniuliza, "Mzee, wewe ulifundisha kazi hii. Nifanye nini?"

Wa kundi O waliokuwapo ni wawili, Masele na Luhende. Wengine wawili wako Mwanza na malori. Masele na Luhende walikuwa wameshatoa kadi zao mfukoni. Najua nilikuandikia kwamba kadi haipimi damu. Nililikumbuka hilo neno palepale. Lakini nilimwona Salu, mkwe wangu, amekaa chini ukutani ameshika viatu vya mkewe.

Basi nikatumia akili. Mmoja kati ya wanane si mzima, na nadhani nimeshamtambua siku nyingi bila kuambiwa. Luhende amekonda tangu mwaka jana, anakohoa, na kabla ya hapo alikaa machimboni huko Geita. Na Masele nilikwisha kumtoa mashakani kwa sababu ya posa, kama nilivyokuandikia. Nikamwambia Luhende kwa upole, "Wewe pumzika, mwanangu, huna damu ya kutosha." Alinitazama sana. Masele alikuwa ameshakunja shati. Joakim akalinganisha damu, zikakubaliana, akatoa mfuko mmoja uliojaa.

Rangi ilianza kumrudia Nyanjige usoni kabla mfuko haujaisha. Masele alichungulia dirishani akapiga kelele, "Dada, sasa wewe na mimi ni damu moja, ukinikosea nakutoza mbuzi!" Hata masista walicheka.

Wabeja, asante sana, mwanangu. Kazi yako ya Julai ndiyo iliyomponya.

Athanasi Ngeleja


Kasoli,
16 Novemba 1995

Wilhelmina,

Barua yako ya tarehe 5 imenifikia jana. Basi lilikaa siku nane ng'ambo ya mto.

Nilikwenda kwa Masele nikamwomba kadi nikisema nataka kunakili namba. Akaifungua nailoni mwenyewe, akaipangusa kwa shati kabla ya kunipa.

Kuna nukta. Ni nyekundu.

Niambie kwamba ni doa. Niambie kalamu ilivuja. Nampa barua hii mtu anayekuja Mwanza kwa pikipiki. Mpe jibu mkononi.

A. Ngeleja


Mwanza,
19 Novemba 1995

Baba yangu,

Si doa. Ni nukta yangu. Nilimpima Masele mara mbili mwezi wa Juni.

Uliandika kwamba nisingemwacha mtu aendelee na posa. Nilimwacha. Nilimngoja daktari, daktari akaingoja mkoa, na siku ya arusi ikawa inasogea. Niliiona barua yako ya Septemba na nikaona umeelewa kinyume, nikasema moyoni sitakusahihisha, kwa sababu kukusahihisha ni kutaja jina. Hilo ni langu, nitalibeba.

Sasa sikiliza, maana muda si wetu. Mfuko ule ulikuwa umejaa, na damu ya namna hiyo hukosa kuambukiza kwa nadra sana. Hatuwezi kumpima Nyanjige leo tukaamini jibu. Kipimo huchelewa kuuona ugonjwa, itabidi tungoje mpaka Februari. Lakini mtoto hana damu hiyo. Alikuwa ameshazaliwa. Kitu pekee kinachoweza kuufikisha ugonjwa kwake ni maziwa. Ananyonya? Kila siku unayonyamaza, ananyonya.

Maziwa ya ng'ombe yachemshwe, yaongezwe maji yaliyochemshwa na sukari kidogo, apewe kwa kikombe safi. Huko kwetu ng'ombe si shida. Neno ndilo shida.

Masele naye aambiwe kabla ya Desemba. Nimeacha kungoja ruhusa. Nikimaliza tarehe 24 nitakuja moja kwa moja Kasoli, lakini usinisubiri.

Mwanao,
Wilhelmina


Kasoli,
26 Novemba 1995

Mwanangu Wilhelmina,

Nimesikia mafunzo yenu yameongezwa siku nne, ndiyo maana naandika.

Nilikwenda kwa Masele tarehe 21. Nilimkuta ananoa majembe ya kikundi. Nilikaa kwenye kigoda kwa muda mrefu, mpaka akasema, "Bhabha, leo umekuja bila maneno? Nani kafa?" Nikamwambia. Nilianza na mwezi wa Juni, na wewe, na benchi, na kadi nane, na jinsi nilivyoshauri. Sikuacha kitu.

Aliendelea kunoa hadi nilipomaliza. Nilidhani atauliza habari zake mwenyewe. Akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa dada Nyanjige?" Nikasema, "Ndiyo. Lakini aliyekuchagua ni mimi." Akasema, "Mimi nilikuja kumpa uzima. Mngeniambia, ningekaa nyumbani." Kisha akaniambia neno ambalo nakuandikia kama alivyolisema: "Mliniogopea aibu, mkanipa hii."

Nilimsihi tulifiche bado. Hata siku hiyo, Wilhelmina, bado nilimsihi. Alikataa. Asubuhi yake alipiga ngoma ya kikundi akawaita wote mbele ya nyumba yake, akawaambia yeye mwenyewe, amesimama, na habari ya dada Nyanjige akawaomba waniachie mimi. Kadi yake akaiweka chini, akawataka wenzake waziweke zao. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa yale niliyokueleza Juni, kicheko na mtu kuhama na ng'ombe wake. Wawili waliziweka, wakainuka wakaondoka, ni kweli. Mmoja kati yao alitema mate. Wengine walikaa. Luhende akaziokota kadi zote akanipa mkononi, akasema polepole, ili mimi peke yangu nisikie, "Mzee, mimi nina vidonda vya tumbo. Ulinitazama ukaona kaburi." Juzi walikwenda kulima shamba la Masele, wote watano, Luhende akiwa mbele. Masele mwenyewe alikuwa amekaa kivulini kwa sababu walimkataza kushika jembe.

Masele amekwenda Shishiyu peke yake kumwambia Felisita na baba yake. Hajarudi.

Miaka mitano sasa tangu nistaafu nakaa hapa nikidhani nawajua hawa watu. Nilikifanya kikundi chao kuwa sababu, na sikumwuliza hata mmoja wao.

Nyanjige nilimfikia leo asubuhi. Siku tano nzima nilipita nyumbani kwake nikapitiliza. Nilisema moyoni namngoja Masele atulie, kisha nakungoja wewe, kisha naingoja Jumapili. Leo nilitoka zizini na ng'ombe wangu mwekundu, yule aliyezaa mwezi uliopita, na ndama wake nyuma, nikamswaga hadi kwao. Salu alikuwa anaziba paa. Nyanjige alikuwa amekaa mlangoni juani, amenenepa kidogo, na Wilhelmina mdogo yuko titini, anameza kwa sauti unayoweza kuisikia ukiwa nje ya ua.

Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akacheka. "Baba, huyo wa nini tena? Mimi maziwa yangu yanatosha mapacha."

Nilifunga kamba kwenye nguzo. Nilimwita Salu ashuke. Kisha nikamwomba Nyanjige, kabla sijaanza kueleza, amtoe mtoto titini ampe baba yake amshike.

Hakuuliza sababu. Alimtoa mara moja, akampangusa mdomo, akampa, akaniwekea kigoda nikae.

Kadi nane zimo ndani ya bahasha hii.

Athanasi Ngeleja